Nani Anakagua Fundo Lako?

SOMO LA USHIRIKA WA NYUMBANI

Andiko kuu: Yeremia 38:6-13
Soma pia: Mhubiri 4:9-12, Yakobo 5:16
Lengo la somo: Kila mmoja wetu atoke kwenye ushirika wa wiki hii akimjua mtu mmoja anayeruhusiwa kumuuliza maswali magumu.

Kabla hamjaendelea, mmoja wenu asome Yeremia 38 kutoka mstari wa 6 hadi wa 13 kwa sauti, polepole. Hesabuni kamba zinatajwa mara ngapi. Tutazirudia mwishoni.

UTANGULIZI

Mwezi wa kwanza vijana wetu waliomba tuwapeleke mahali watakapokumbuka. Wengine walitaka Mombasa, lakini mfuko ulisema hapana. Tukakubaliana Sipi, upande wa Uganda wa Mlima Elgon, kwa sababu kwetu Kitale si mbali: unapita Endebess, unavuka mpaka pale Suam, unafuata mlima hadi Kapchorwa, kisha unateremka kidogo. Tulikuwa watu 14.

Mlima ni ule ule tunaouona kila asubuhi, ila tumezoea mgongo wake mmoja tu. Wenyeji wa kule ni Wasabiny, ndugu wa Wasabaot wetu. Kijana mmoja wetu wa Kisabaot aliwasalimia kwa lugha ya nyumbani, wakamjibu bila shida, akatembea kifua mbele siku nzima. Walituambia jina la Sipi limetokana na sep, mmea unaofanana na mgomba ambao huota kandokando ya mto.

Mto huo unashuka kutoka msituni mlimani na kuanguka mara tatu. Poromoko refu kuliko yote lina karibu mita 100. Kama umewahi kusimama chini ya jumba la KICC pale Nairobi ukaangalia juu hadi shingo ikauma, urefu ni kama huo. Vijana walikuwa wamesikia kwamba kuna watu wanaokushusha kwa kamba kando ya maji hayo, kutoka juu kabisa hadi chini bondeni. Mimi nilidhani tunaenda kupiga picha. Kumbe walishachanga pesa na jina langu liko kwenye orodha, la kwanza.

1. KAMBA INAWEZA KUHARIBIKA NDANI HUKU NJE IKIWA SAFI

Asubuhi yake, yule mwongozaji wetu aliketi kwenye nyasi na kuanza kupitisha kamba yote mikononi mwake, kidogo kidogo, kutoka ncha hadi ncha. Alikuwa akiongea na sisi huku macho yake yako kwingine. Nikamuuliza, "Mbona huiangalii?" Akajibu, "Naiangalia na vidole, Pasta. Macho yanadanganywa na ganda."

Akatueleza. Kamba ya kazi hiyo ina sehemu mbili. Nje kuna ganda lililosukwa, lenye rangi nzuri, na kazi yake kubwa ni kulinda. Ndani kuna nyuzi nyingi zilizosokotwa, na hizo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya uzito. Kamba ni nyembamba, unene wa milimita 10 au 11 tu, lakini ikiwa nzima inabeba zaidi ya tani mbili. Tatizo ni kwamba jiwe linaweza kuiangukia, nyuzi za ndani zikaumia, na ganda likabaki linang'aa kama jana. Ndiyo maana anatumia vidole. Anatafuta mahali palipolegea, palipovimba au palipokuwa bapa. Akipapata, kamba hiyo haibebi mtu tena.

Wapendwa, niliposikia hayo nilinyamaza. Wacha niwaambie sababu. Ninaandika haya kwa ruhusa ya mke wangu na ya mchungaji kiongozi.

Mnanijua. Nilisomea biashara chuoni. Mimi ndiye niliyekuwa nikifundisha semina ya fedha kwa wanandoa. Nilisimama mbele yenu na chati, nikawaonyesha kwamba mtu akikopa shilingi 10,000 kwenye simu kwa ada ya asilimia 10 kwa mwezi, na kila mwezi akalipa ada tu na kuliviringisha deni, mwisho wa mwaka ametoa 12,000 na zile 10,000 bado anadaiwa. Mliandika kwenye daftari. Wengine mlinishukuru.

Wakati huo huo mimi nilikuwa na mikopo mitano ya simu. Ilianza na 8,000, dawa za mama yangu, jambo la halali kabisa. Kisha nikakopa kwingine kulipa ile ya kwanza. Kisha nikaanza mradi wa kuku, ugonjwa ukawapitia, nikakopa tena ili mtu asijue kuwa mtaalamu wa biashara amefilisika kwa kuku. Kufikia safari ya Sipi nilikuwa ninadaiwa 214,000. Mke wangu hakujua hata shilingi moja.

Sikugusa sadaka. Nalisema wazi kwa sababu mna haki ya kuuliza. Lakini ukweli wote ni huu: usiku mmoja wa Jumapili, kabla ya kupeleka pesa benki, nilikaa na ile bahasha mezani na kufanya hesabu kichwani. Nilijiambia nitairudisha Ijumaa. Nilikaa nayo muda mrefu kabla ya kuiweka kando. Asubuhi yake niliongoza maombi na mkaitikia amina. Ganda lilikuwa linang'aa.

2. HATA MTAALAMU HUKAGULIWA

Kabla ya kushuka unavaa hanesi, yaani mikanda inayokushika kiunoni na mapajani kama kiti. Mbele yake kuna pete ya chuma yenye mlango unaofungwa kwa kuzungusha, wanaiita karabina. Kamba inapita kwenye chuma chenye umbo la nambari nane. Mzunguko huo unaleta msuguano, na msuguano ndio unaofanya mkono mmoja wa mtu wa kilo 88 kama mimi uweze kuuzuia mwili mzima.

Walitufundisha kumkagua mwenzako kwa mpangilio: bakoli za hanesi, mlango wa karabina, kamba ndani ya ile nane, fundo, kofia. Unashika kwa mkono na kutaja kwa mdomo. Tulikaguana wawili wawili, tukicheka.

Ndipo yule mwongozaji, ambaye angetangulia kushuka ili atupokee chini, akaja akasimama mbele yangu na kuinua mikono. "Pasta, nikague."

Nikasema, "Mimi nikukague wewe? Mimi nimejua vitu hivi saa moja iliyopita."

Akasema, "Ndiyo maana. Macho yako ni mapya. Yangu yamezoea."

Nikamkagua. Kila kitu kilikuwa sawa. Lakini nilijiuliza: ingekuwa mimi, ningemwomba mtu aliyefundishwa leo anikague mbele ya wageni?

Niliporudi nyumbani nilisoma kisa cha Lynn Hill, mwanamke wa Marekani, mmoja wa wapandaji miamba mashuhuri duniani. Mwaka 1993 alikuwa mtu wa kwanza kupanda njia iitwayo The Nose kwenye mwamba wa El Capitan kwa nguvu za mikono na miguu yake, bila kujivuta kwa vifaa. Lakini miaka minne kabla, mwaka 1989, pale Buoux nchini Ufaransa, alianza kufunga fundo lake, akakatizwa akaenda kushughulikia viatu, na hakurudi kulimaliza. Koti lake lililifunika. Alipanda njia yote hadi juu, salama. Alipoegemea kamba ili ashushwe, kamba ikachomoka. Alianguka takriban mita 22, matawi ya mti yakampunguzia kasi, akajeruhiwa lakini akapona kwa neema.

Ona mambo mawili hapo. Kwanza, hakukosa ujuzi. Fundo lile alilijua tangu ujana wake. Pili, fundo bovu halikumsumbua wakati wa kupanda. Lilionekana siku alipoliegemea. Huduma inaweza kupanda vizuri miaka mingi na fundo nusu. Ndoa pia. Biashara pia. Na koti limefunika.

Yakobo 5:16 inatuagiza tuungamiane dhambi na kuombeana ili tuponywe. Sisi watu wa Roho tunapenda sana sehemu ya kuombeana. Hii ya kuungamiana tunaipita kama matatu inavyopita stendi ambayo haina abiria. Lakini mtume ameziweka pamoja. Mtu atakuombeaje fundo ambalo hujamwonyesha?

3. KUEGEMEA NYUMA NDIKO USALAMA

Mnisamehe kwa kucheka, lakini pale ukingoni niliimba pambio bila sauti kutoka. Unatakiwa ugeuke, upe bonde mgongo, kisha uegemee nyuma hewani hadi miguu ikae bapa kwenye mwamba, kama mtu anayetembea ukutani. Kila kitu mwilini kinakataa. Mwili unataka kuukumbatia mwamba. Na ukiukumbatia, unateleza, kwa sababu miguu inaelekea chini na jiwe limelowa. Miguu inapata nguvu ya kushika mwamba pale tu uzito wako unapoachiwa kamba.

Niliegemea nusu. Labda mita kumi hivi chini ya ukingo, kwenye kuvu la kijani, mguu wa kushoto uliteleza, nikazunguka, bega likagonga jiwe. Na kwa hofu nikafanya kosa lile tulilokatazwa kuliko yote: mkono wa breki ukaiachilia kamba ili ushike mwamba.

Nilipaswa kwenda. Sikwenda. Nilishuka kama hatua mbili nikasimama, nikaning'inia pale huku mvuke wa maji ukinipiga usoni.

Chini bondeni yule mwongozaji alikuwa ameshika ncha ya kamba tangu nilipoanza. Akiona mtu amepoteza breki, anaivuta ile kamba, inakaza kwenye ile nane, na aliye juu anasimama. Sauti ya mtu haisikiki pale, maji yanaimeza yote. Sikupiga kelele. Hakungoja nipige. Alikuwa ananiangalia tu.

Mhubiri 4:10 inasema habari ya wawili: mmoja akianguka, yupo wa kumwinua, lakini ole wake aliye peke yake. Nimeuhubiri mstari huo kwenye harusi mara nyingi. Niliuelewa nikiwa nimening'inia Sipi, maji yakinguruma upande wangu wa kulia, nikilia, na sikuwa nalia kwa sababu ya bega.

4. MATAMBARA YA EBEDMELEKI

Njia ya kurudi juu ni ya miguu, imepinda na ina mteremko mkali, inapita kwenye mashamba ya kahawa na migomba. Pale juu, binti mmoja wa ushirika wetu aliyeogopa kushuka alikuwa amebaki na mfuko wa simu zetu. Aliponipa yangu, alinipa ikiwa imegeuzwa kifudifudi. Nikaigeuza. Kioo kilikuwa kimejaa jumbe za wadai, moja juu ya nyingine. Alikuwa ameziona, hakuwa na namna ya kutoziona. Akasema tu, "Pasta, nakuombea," akaenda kuwapa wengine zao.

Hadi leo hajamwambia mtu. Nimemwomba ruhusa kuandika hili.

Sasa turudi kwa Yeremia. Mlihesabu kamba? Angalia mstari wa 6. Wakuu walimshusha nabii shimoni kwa kamba. Halikuwa na maji, lilikuwa na matope, naye akazama ndani yake. Angalia mstari wa 13. Walimtoa kwa kamba. Kwa hiyo kamba ile ile inaweza kumzamisha mtu na inaweza kumwokoa. Tofauti iko katikati, mstari wa 11 na wa 12. Ebedmeleki Mkushi, mtumishi wa nyumba ya mfalme, alipewa watu thelathini. Lakini kabla ya kwenda shimoni alipitia chumba kilicho chini ya hazina. Mimi mtu wa fedha ningechukua kitu kingine hapo. Yeye alichukua matambara na nguo zilizochakaa. Akamwambia nabii aziweke kwapani, chini ya kamba.

Mtu aliyedhoofika, aliyezama matopeni, ukimvuta kwa kamba tupu utamtoa, ndiyo, lakini utamtoa amechunika. Ebedmeleki alifikiria ngozi ya mtu. Pale Sipi pia, mahali kamba inapopita kwenye ukingo wa jiwe, waliweka kipande cha turubai kuukuu ili isikatwe. Kitu cha kutupwa, na kinaokoa maisha.

Kanisa letu lina kamba nyingi. Tunajua kukemea, tunajua kusimamisha mtu kwenye huduma, tunajua kumwita mbele ya wazee. Nyingine ni za lazima. Swali ni kama tunazo nguo kuukuu.

Jumamosi hiyo usiku nilimwambia mke wangu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Ni hizo tu, au kuna nyingine?" Nikamtajia zote, akaandika kwenye karatasi, moja moja. Alikasirika, na ana haki, na mengine ya usiku huo ni yetu. Lakini hakuniita mwongo mbele ya watoto.

Jumatatu nilimwendea mchungaji kiongozi. Kamba ilikuwepo: niliondolewa kwenye kuhesabu na kupeleka sadaka, semina ya fedha nikaacha, na kila mwisho wa mwezi wazee wawili wanaangalia matumizi yangu yote, hadi simu. Matambara pia yalikuwepo. Aliniambia haya faraghani, akanimiminia chai kwanza. Mmoja wa wale wazee alinisaidia kuunganisha madeni yote kuwa mkopo mmoja wa sacco wenye riba ndogo. Niliuza pikipiki. Leo ninapoandika nimebakisha 61,000. Hakuna muujiza wa pesa uliotokea. Nilikuwa nimeuombea muujiza miaka miwili, nikiwa peke yangu, na mlango umefungwa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika Yeremia 38, wangapi walijua nabii yuko shimoni kabla ya Ebedmeleki kwenda kwa mfalme? Kwa nini unadhani hawakusema kitu?
2. Ni sehemu gani ya maisha yako imezoeleka mno hata huikagui tena? Fedha, simu, ndoa, hasira, huduma?
3. Kwa nini viongozi wa kanisa huona vigumu kukaguliwa na walio chini yao? Ushirika wenu unaweza kurahisisha hili vipi?
4. Kumbuka siku ulipovutwa kwa kamba tupu. Ulihitaji tambara gani?
5. Je, kuna mtu ambaye umeona ujumbe wake kwenye simu, kwa mfano wa maneno? Umeigeuza simu kifudifudi, au umeipitisha kwa wengine?

ZOEZI LA WIKI

Kaeni wawili wawili, mume na mume, mama na mama, kijana na kijana. Kila mmoja amuulize mwenzake maswali matatu: Unadaiwa na nani? Unaficha nini nyumbani? Ni lini mara ya mwisho ulilia mbele za Mungu? Usimhubirie. Taja, sikiliza, ombeni. Yanayosemwa yabaki hapo. Ila kama maisha ya mtu au ya mtoto yako hatarini, mwambieni mchungaji siku hiyo hiyo.

Na wewe ambaye hutaki kwenda na mtu yeyote wiki hii, wewe hasa, njoo unione. Ofisi yangu iko wazi Jumatano baada ya ibada ya mchana. Mimi nitatangulia kukuonyesha langu.

MAOMBI

Baba, tunakushukuru kwa sababu ulituona shimoni kabla hatujaita. Tuondolee aibu inayotufanya tufunike fundo kwa koti. Tupe mtu wa kutushikia ncha ya kamba, na utufanye waaminifu tunaposhika ya mwenzetu. Tunapovuta, tukumbushe matambara. Katika jina la Yesu, amina.